Jenereta Iliyomponza Baba Mkwe

Wapo mnaopiga simu gazetini mkisema yote yaliyonipata ni haki yangu. Sibishi. Ila yawekeni akiba matusi yenu mpaka mmalize ya leo, maana mliyonipa mpaka sasa yatakuwa kama salamu tu.

Kwa aliyezikosa sehemu zilizopita: mimi ni fundi wa jenereta ndogo za petroli, zile za kuvuta kamba. Nilifukuzwa karakana baada ya kukutwa nasugua plagi kuukuu za injini kwa brashi ya waya, nazitia kwenye maboksi mapya na kuwauzia watu kama spea mpya. Mmoja wa niliowauzia alikuwa binamu wa mke wangu. Mke wangu hakupiga kelele. Alikusanya nguo zake akarudi kwa baba yake.

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama mlangoni kwa baba mkwe na mkoba wangu wa spana. Mke wangu amejifungia chumbani, na mzee ananitazama kuanzia viatu mpaka utosini.

"Karibu, mwanangu," alisema mwishowe. "Ila mwenzio hatatoka kwa maneno. Maneno yako tumeshayasikia."

"Nimekuja kuomba radhi, baba."

"Radhi utaiomba kwa mikono. Kesho tunakwenda wote kazini kwangu. Kuna jenereta inasumbua. Nataka nikuone ukifanya kazi kwa macho yangu haya, halafu mimi ndiye nitakayezungumza na binti yangu."

Sikulala vizuri kwa furaha. Jenereta tu? Jenereta nazifungua nikiwa nimefumba macho.

Baba mkwe alikuwa mtunza jenereta wa kikundi cha akina mama wanaototolesha vifaranga. Jengo lao ni vyumba viwili. Kimoja kina kabati la kutotolesha, refu kunipita, limejaa trei za mayai. Kingine kina magunia ya chakula cha kuku. Nyuma kuna kibanda cha bati cha jenereta, na pembeni yake pampu ya maji na tangi lililoinuliwa juu ya nguzo.

Miaka kumi na mmoja mzee alikuwa hapo na hakuwahi kuchelewa. Umeme ukikatika, kabla hujamaliza kumuuliza jirani kama na kwake umekatika, mashine yake imeshaunguruma. Wale mama wakambandika jina, Mzee Dakika. Alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi wake.

Tulifika Jumatatu asubuhi. Mwenyekiti wa kikundi, mama mnene mwenye sauti ndogo, alitupokea na wenzake wanne nyuma yake.

"Huyu ndiye mkwe?"

"Ndiye huyu," mzee akajibu. "Mashine zinamjua. Hakuna iliyowahi kumshinda."

"Nasikia na kuuza plagi anajua."

Wenzake wakaziba midomo wakicheka. Mzee hakucheka.

"Yule wa plagi tulimwacha huko huko," alisema. "Huyu nimekuja naye mimi."

Hapo ndipo nilipopaswa kutulia, nifanye kazi yangu kama mtu mwenye akili. Lakini maneno yale yalinipanda kichwani. Mzee amenibeba mbele za watu, na mimi nikaapa moyoni kwamba simwangushi.

Nikavuta kamba. Mashine ikawaka, halafu ikaanza kupumua: inapanda, inashuka, inapanda, inashuka, kama mtu mwenye pumu akipanda ngazi. Fundi yeyote anayesoma hapa ameshajua. Jeti, kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, ina uchafu, au gasketi, kile kikaratasi cha kuziba maungio, imepasuka inavuta hewa. Dawa yake haina miujiza. Unafungua kabureta, unazibua kile kitundu cha jeti, unapuliza, unaweka gasketi mpya, unafunga, halafu unarekebisha mwendo huku jicho likiwa kwenye mita ya volti. Kazi ya saa moja.

Nililegeza boliti mbili nikachungulia. Gasketi ilikuwa imepasuka kweli.

"Vipi, mwanangu?" mzee akaniuliza. "Kuna spea inatakiwa?"

Nikageuka kujibu, nikakutana na macho ya Mwenyekiti. Amekunja mikono kifuani, anasubiri. Wote walikuwa wanasubiri. Nikaona jinsi neno "spea" litakavyotoka kinywani mwangu, na jinsi watakavyotazamana. Yule wa plagi huyo, amerudi. Tena amerudi mbele ya baba mkwe.

"Hapana, baba," nikasema. "Haihitaji kitu. Ni marekebisho madogo tu."

Jamani, gasketi ni kikaratasi. Kwa ajili ya kikaratasi nikaharibu kila kitu.

Kila jenereta ina gavana. Ni kifaa kinachoiambia injini ongeza mwendo mzigo wa vifaa vinavyokula umeme ukizidi, punguza ukipungua. Mashine inayopumua, gavana yake inahangaika kutafuta mwendo. Sasa kuna ujanja wa mafundi wavivu, na kila fundi anaujua ingawa atakukatalia: unaufunga mkono wa gavana kwa waya. Injini inabaki kwenye mwendo mmoja, haipumui tena. Mteja anasikia mlio umenyooka, anakushukuru, anakwenda zake.

Ubaya wake ni kwamba mzigo ukipungua ghafla, injini haina wa kuiambia punguza. Inachomoka, na volti zinachomoka nayo.

Niliujua ubaya huo vizuri kabisa. Nikaukata waya, nikaufunga nyuma ya kifuniko asipoona mtu, nikawasha vitu vyote kwa pamoja: kabati, feni, pampu. Nikarekebisha mpaka mshale wa mita ukasimama kwenye mia mbili thelathini. Mlio ukanyooka. Wale mama wakapiga makofi, hata Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali.

"Si niliwaambia?" mzee alisema, na akanishika bega mbele yao wote.

Nilijiambia nitarudi Jumatano na gasketi mfukoni, niifanye kazi kimyakimya. Nilijiambia mwenyewe. Sikumwambia mtu.

Jumatano, pale pale kwa mzee nilipokuwa nalala sebuleni, mke wangu alitoka chumbani. Aliketi mkekani na bakuli la mchele, anachagua mawe, akaniuliza kama bado nakoroma. Nikamwambia sijui, siku hizi hakuna shahidi. Akacheka. Miezi mitatu sikuwa nimekisikia kile kicheko, nikasema moyoni gasketi itasubiri. Nikabaki pale mkekani mpaka jua likazama.

Alhamisi saa nne asubuhi umeme ulikatika.

Sikuwepo, nawasimulia nilivyosimuliwa. Mzee Dakika aliwasha mashine kama kawaida yake. Mlio ulianza juu kuliko siku zote, lakini vitu vyote vilipoanza kula umeme ukashuka, naye akadhani ndivyo nilivyoirekebisha. Kabati likapata joto, pampu ikapandisha maji. Tangi lilipojaa akazima pampu, kama alivyofanya miaka yote. Injini ikapiga yowe. Alipoikimbilia na kuizima, ndani ya kabati moshi ulikuwa umeshatoka. Kile kibao cha umeme kinachopima joto kiliungua, na kipya ilibidi kiagizwe, siku mbili. Mayai elfu moja na mia mbili yalikuwa na siku kumi na nane. Zilibaki siku tatu tu yatotolewe.

Ijumaa asubuhi mzee alinijia mwenyewe. Shati lake lilikuwa lile lile la jana.

"Mwanangu, twende. Mwenyekiti anataka fundi aseme ni nini kimetokea."

Nikabeba mkoba wangu wa spana nikamfuata.

Chumba cha kabati kilikuwa na joto la majiko ya mkaa. Wale mama walikuwa wamekesha. Wameyafunga mayai kwenye mablanketi, kwenye sweta, kwenye mashuka ya vitanda vyao. Mama mmoja alikuwa ameketi chini ukutani na trei nzima ameikumbatia tumboni chini ya koti, amesinzia huku ameishikilia.

Mwenyekiti alichukua yai moja, akaligonga kwenye ukingo wa meza, akalifungua kiganjani. Kifaranga kilikuwa kimekamilika. Kina manyoya, kina kucha. Hakikutikisika.

"Hili ni la ishirini nafungua," aliniambia kwa ile sauti yake ndogo. "Yote hivi hivi. Fundi, mimi sina ugomvi na wewe. Nataka kujua kitu kimoja. Ni mashine au ni mtu?"

Nilikuwa na nafasi. Naiandika hapa ili msije mkasema nilibanwa. Nilikuwa na nafasi, mdomo wangu ulikuwa mzima, na wote walikuwa wamenyamaza kunisikiliza.

"Naomba nikaikague kwanza," nikasema. "Na naomba mnipishe. Petroli si kitu cha kuzungukwa na watu."

"Mpisheni," mzee akasema. Akaja kusimama mlangoni mwa kibanda, amenipa mgongo, amewazuia watu wasinisumbue. Baba mkwe wangu alinilindia mlango.

Nikaukata ule waya kwa koleo. Lakini nikiondoa waya, mashine itapumua tena, na wataisikia. Basi nikafungua kabureta. Nikazibua jeti, nikapuliza mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Gasketi sikuwa nayo. Nikatazama huku na huku, nikaona boksi tupu la sabuni sakafuni. Nikapima, nikachora, nikaikata gasketi kwenye lile boksi kwa wembe. Ilikaa vizuri kama ya dukani.

Nilibaki nimeishika mkononi nikiitazama. Boksi hilo lilikuwepo na Jumatatu. Sikuhitaji spea, sikuhitaji kumwomba mtu chochote. Nilihitaji kutulia dakika tano tu bila kuogopa watu watasema nini.

Nikafunga, nikarekebisha, nikawasha. Mlio ulinyooka wenyewe, gavana inafanya kazi yake, mshale umetulia. Waya nikautumbukiza chooni nilipokwenda kunawa mikono.

"Haya," Mwenyekiti akasema.

"Mashine ni nzima," nikajibu.

Hakuna uwongo hapo, si ndiyo? Mashine ilikuwa nzima, tangu dakika kumi zilizopita. Wala sikumtaja mtu. Hivyo ndivyo nilivyojitetea usiku ule nikiwa nimelala chali natazama dari. Lakini ukiulizwa ni mashine au ni mtu, ukajibu mashine ni nzima, umeshamtaja.

Watu wote wakamgeukia mzee. Yeye hakugeukia mtu. Alitazama mikono yake, akaigeuza viganja juu, akaitazama tena.

"Basi ni mimi," alisema.

"Mzee Dakika, ulifanya nini?" Mwenyekiti akamuuliza taratibu.

"Sijui, mama. Nilidhani nimefanya kama siku zote. Lakini fundi amesema. Labda umri. Labda nimegusa kitu nikiwa sina habari." "Funguo nitawaletea kesho. Niacheni leo nikapumzike."

Hakuna aliyempigia kelele. Heri wangempigia. Mama mmoja alimletea kiti, na kile kiti ndicho kilichoniumiza zaidi, maana siku zote yeye ndiye aliyewaletea wenzake viti. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ardhi haikupasuka, nikabeba mkoba wangu wa spana nikamfuata nyuma mpaka nyumbani.

Tulipofika alimwita binti yake sebuleni. Nikajua nimekwisha.

"Kusanya vitu vyako," alimwambia. "Kesho asubuhi utarudi kwako na mumeo."

Mke wangu alishangaa. "Baba, imekuwaje?"

"Leo nimemwona. Ameulizwa mbele ya watu, na jibu lilikuwa linanigonga mimi, baba mkwe wake. Angeweza kudanganya. Angesema mashine mbovu, nami ningepona. Amesema kweli." Akanitazama, macho yamejaa maji. "Mtu wa namna hiyo plagi hauzi tena. Yule niliyekuwa namtafuta nimemwona, sina neno."

Mke wangu alinishika mkono palepale, mbele ya baba yake. Miaka tisa ya ndoa hakuwahi kufanya hivyo. Mkono wake ulikuwa wa moto na wangu wa baridi. Nikasema "Asante, baba." Ndiyo, nilisema. Niandikieni mnavyotaka.

Jumamosi tukaondoka watatu. Mke wangu na begi lake, mimi na mkoba wangu, mzee na funguo zake. Njia ya kituoni inapita pale pale kwenye jengo, na mzee alisema tumsindikize akakabidhi. Mwenyekiti alikuwa hajafika. Mzee akafungua kibanda kwa mara ya mwisho, akaingia, akachuchumaa mbele ya mashine.

"Mwanangu, kabla hamjaenda nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, baba?"

"Nilipokosea. Jumatatu wanaingiza mayai mengine, na kuna mama mmoja ameambiwa ashike nafasi yangu. Sitaki arudie kosa langu. Na mimi mwenyewe sitapata usingizi nisipolijua."

Akaanza kunionyesha kwa mikono, bila kuwasha. Hapa nilifungua koki ya petroli. Hapa nikavuta choki ya kuwashia. Hapa nikavuta kamba, nikarudisha choki, nikaiacha ipate moto. Nikageuza swichi kubwa. Nikawasha pampu, kisha feni, kisha kabati, nikatazama mshale. Tangi lilipojaa nikazima pampu. Hatua baada ya hatua, na hakuna hata moja aliyokosea. Wapo mafundi wenye vyeti wasioweza kuifanya vizuri hivyo.

"Ipi kati ya hizo?" aliuliza.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na begi lake, anasikiliza. Afadhali ulimi ungeniganda pale.

"Hiyo ya pampu, baba. Mzigo ulipungua ghafla."

"Kumbe." Akawaza. "Sasa tangi likijaa nifanyeje? Niliache limwagike?"

Nikainama kuokota mkoba wangu wa spana.

"Maana mimi pampu nimeizima hivyo miaka yote," alisema, si kwa ubishi, kwa kutaka kuelewa. "Nitamwambiaje yule mama?"

Mke wangu akaliweka begi chini. Huyu ni mwanamke aliyenishikia tochi miaka tisa nikitengeneza jenereta za watu uani kwetu. Anajua gavana ni nini. Nilimwona akinitazama, halafu akaitazama mashine, halafu akanitazama mimi tena.

"Baba," alisema. "Hebu iwashe. Washa na pampu. Halafu izime, sote tuangalie mshale."

"Petroli ya watu hiyo," nikasema. "Na gari litatuacha."

"Litakuja jingine."

Mashine ile niliitengeneza jana kwa mikono yangu, kazi safi kuliko zote nilizofanya mwaka huu. Pampu ikizimwa, mshale utatikisika kidogo na kutulia. Mzee ataona kwamba hakukosea kitu. Na mke wangu ataniuliza, mbele yake, kwa nini Alhamisi haukutulia.

Mzee akafungua koki. Akavuta choki, akavuta kamba mara moja tu, ikawaka. Akangoja ipate moto, akageuza swichi kubwa, akawasha pampu. Maji yakaanza kupanda. Mshale ukasimama kwenye mia mbili thelathini.

Akapeleka kidole kwenye swichi ya pampu. Hakuibonyeza. Akanigeukia na uso wa mtu anayeogopa kuwatia watu hasara mara ya pili.

"Mwanangu," aliniuliza, "nizime?"